Mama Cila Hakufungua Mlango

Mama yangu alifia kwenye kiti chake, mgongo ukiwa umeegemea mlango wa kikanisa, ufunguo shingoni. Watu wema wananiambia nimshukuru Mungu kwamba alikwenda kwa utulivu. Utulivu gani? Nje watu wa lori walikuwa wanaugonga mlango kwa vitako vya bunduki, na kila pigo lilimfikia yeye mgongoni. Daktari wa mjini aliandika presha. Mungu anisamehe, lakini presha ile ilikuwa na kofia, ilikuwa na buti, na ilikuja na lori lenye vyuma pembeni kama la kubebea ng'ombe.

Jina lake Mercilia Desir. Hapa Kambi ya Ceja kila mtu alimwita Mama Cila, hata waliomzidi umri. Alizaliwa hapa hapa, katika zile nyumba ndefu za mabati walizojengewa wakata miwa. Babu yangu aliletwa kutoka Haiti kwa basi la kampuni ya sukari, na siku ile hakuna aliyemwuliza karatasi. Walimtazama mikono tu. Mama alipokua akaenda mjini kujiandikisha, karani alisoma jina lake, akamtazama ngozi, akamwambia arudi kesho. Alirudi kesho nyingi sana. Amezikwa katika nchi aliyozaliwa akiwa hana hata kipande cha karatasi kinachosema alizaliwa. Mimi ninacho kitambulisho kwa sababu baba yangu alikuwa Mdominikana wa mjini, na kabla hajatukimbia aliniandikisha. Ndiyo mema yake pekee ninayoyajua.

Ujana wake wote Mama alipikia wakata miwa. Wali wa mbaazi, samaki wa chumvi, muhogo. Miguu ilipoanza kuvimba akaacha masufuria, padri akamkabidhi ufunguo wa kikanisa. Akawa anafagia, anabadilisha maji ya maua, anagonga kile kipande cha reli kinachotumika kama kengele yetu. Kazi ya bibi mzee, mtu angesema.

Halafu lori la uhamiaji likaanza kuja mara kwa mara, kukamata wasio na karatasi na kuwavusha mpaka kwenda Haiti. Walikuwa wanakuja alfajiri, watu wakiwa bado wanatafuta viatu. Walichukua mwanamke aliyekuwa anachota maji, wakaacha ndoo pale pale bombani. Walimchukua mume wa Rosemène, jirani yetu, juu ya ukuta aliokuwa anaujenga, na tajiri wa jengo lile hakutoka ofisini hata kusema kwaheri. Siku iliyofuata Rosemène alikuja kikanisani na mwanawe Kervens mkononi na Lovelie mgongoni, bado ananyonya. Alikaa benchi la mbele. Mama akamwangalia, akaenda akafunga mlango kama alivyokwisha kuwafungia wengine kabla yake, akavuta kile kiti chake cha makuti ya kusuka, akakaa.

Padri Anselmo, ambaye huja kwetu kutoka mjini kusoma misa, alikuwa ametueleza wazi. Nyumba ya sala iliyofungwa hawawezi kuivunja bila karatasi ya hakimu, na mahakimu hawapendi kutia sahihi karatasi ya kuvunja kanisa. Lakini mlango ukiwa wazi wataingia kama wanaoingia sokoni, na ukilalamika watakuambia walikaribishwa. "Kwa hiyo msiwafungulie," alisema. "Hata wakisema wamekuja kusali." Mama hakujua kusoma, lakini hilo alilishika kuliko katekisimu.

Akawa mlango. Sijui niseme vipi tena. Mgongo wake ndio ulikuwa komeo. Chakula tulimpitishia dirishani, na cha Rosemène na watoto. Mchana alitoka kidogo kuota jua wakati Mzee Mesidor au mimi tumemshikia kiti. Familia tatu zilipita nyuma ya mgongo ule kabla ya Rosemène, na zote zilifika salama kwa masista wa mji mwingine. Rosemène alikwama kwa sababu lori lilikuwa limejua. Likawa linaegesha ng'ambo ya barabara, chini ya mabango ya bia, siku nzima.

Mkuu wao anaitwa Radhamés. Ni mtoto wa hapa mjini, tunamjua. Mama yake alipofariki, aliyekwenda kuwapikia waombolezaji siku zote tisa alikuwa Mama Cila, na Radhamés mwenyewe alilia kwenye bega lake. Sasa akawa anakuja kusimama nje ya mlango, anasema kwa sauti ya mtu anayejua kuwa ana hadhira.

"Mama Cila! Fungua, mama, nikusalimie."

"Nisalimie hapo hapo, mwanangu. Masikio yangu bado yapo."

"Fungua bwana, jua kali."

"Mlango umeshikwa na baridi yabisi kama mimi. Haukunjuki."

Watu wakacheka. Radhamés hapendi kuchekwa. "Unamficha nani humo, mama?"

"Yesu."

"Yesu peke yake?"

"Na mama yake. Nao hawana karatasi. Walivuka mpaka usiku na mtoto, wakimkimbia mfalme mmoja hivi alikuwa na kofia kama yako."

Nilikuwa nje nimesimama, nilimwona Radhamés anauma midomo. Aliondoka. Lakini alianza kuja na wenzake, na wenzake hawakumjua Mama, na ndio wakaanza kugonga na vitako vya bunduki.

Asubuhi ile waligonga kwa muda mrefu. Nilifika nikikimbia kutoka dukani ninakofanya kazi. Walipoona watu wamejaa waliacha, wakarudi kwenye kivuli chao. Nikaita dirishani, "Mama!" Rosemène ndiye aliyeitika. Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, ameishika mikono ya Mama. "Odalis," aliniambia, "amekaa tu. Amekaa, hajaanguka. Sikutaka kumsogeza, mlango ungefunguka."

Nawaomba mlisome hilo tena. Mama yangu alikuwa amekufa na bado anafunga mlango.

Sasa ndipo ulipokuja ugomvi ambao sisi tu tungeweza kugombana. Kwetu mtu akifa, mlango wa mahali alipokata roho haufungwi mpaka sala za siku tisa ziishe. Ukifunga, roho inabaki ndani inazunguka, haijui pa kutokea. Hili halimo katika vitabu vya padri, lakini hakuna nyumba Ceja iliyowahi kulivunja. Na Mama hakufia nyumbani. Alifia pale.

Bibi Eufrasia, anayetuongozea sala za marehemu tangu mimi sijazaliwa, alifika na rozari yake na mashuka meupe ya madhabahu, akasimama mbele ya mlango, akaniambia, "Fungua."

"Haiwezekani, bibi. Wale pale."

"Nawaona. Fungua."

"Nikifungua watamchukua Rosemène na watoto."

"Na usipofungua mama yako atakaa humo kama popo! Unataka awe popo, Odalis? Mwanamke aliyefagia kanisa hili mpaka ufagio ukamwisha mkononi?" Alikuwa analia kwa hasira, nami pia. Yeye na Mama walikuwa marafiki tangu wasichana. "Ukisoma shule ndio unasahau watu wako wanavyozikwa?"

Na yule Radhamés, tulipokuwa tunapigana maneno hivyo, akavuka barabara. Amevua kofia. Ameiweka kifuani, Mungu wangu, kifuani. Akasema kwa sauti ya chini, ya msibani, "Poleni sana. Mama Cila alikuwa kama mama yangu." Kisha akautazama mlango, akatabasamu kidogo. "Vipi, marehemu wenu hamumfungulii?"

Alijua. Alizaliwa hapa, anazijua desturi zetu zote, na alikuwa amekaa kwenye kivuli chake akisubiri desturi yetu imfanyie kazi yake. Nimejaribu kuungama hasira niliyoisikia saa ile. Padri akaniuliza kama najuta. Nikamwambia bado.

Aliyetutoa pale ni Mzee Mesidor. Alikata miwa ya nchi hii mpaka vidole vya mkono wa kushoto havinyooki, na ndiye sauti yetu kwenye misiba: akianza wimbo hata mbwa wananyamaza. Alimsubiri Radhamés arudi ng'ambo, akakuna kidevu, akasema, "Eufrasia, Cila alikuwa na haraka lini?"

"Haraka gani?"

"Nauliza tu. Ulipomwona siku zote hizi nyuma ya huo mlango, alikuwa na haraka ya kutoka?"

Bibi Eufrasia alifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Basi na asubiri siku tisa. Amezoea. Tumtoe mwili sasa hivi, tujazane mlangoni watu wote hata inzi asipite, tukamzike. Madhabahu tuisimamishe hapa nje ukutani. Tusali nje, migongo kwenye mlango. Siku ya tisa, sala ya mwisho ikiisha, mlango utafunguliwa mpaka mwisho, na Cila atoke kama malkia."

"Na hao walio ndani, siku ya tisa?"

"Hilo Mungu ana siku tisa za kulifikiria," Mesidor alisema.

Bibi Eufrasia alinigeukia. "Roho ikipotea, nitakudai wewe."

"Nidai, bibi."

Tukafanya hivyo. Tulimtoa Mama katikati ya watu waliobanana kama miwa kwenye behewa, na mlango ukafungwa nyuma yake kabla jeneza halijashuka ngazi. Ndani, Rosemène alikaa kwenye kiti cha Mama. Hakuna aliyemwambia akae.

Madhabahu ya ngazi tatu ikasimama nje chini ya ukingo wa bati: mashuka meupe, mishumaa, maua ya karatasi, picha pekee ya Mama tuliyonayo, amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimchelewesha na wali ulikuwa unaungua. Kila alasiri watu walikuja na viti vyao. Wakatoliki, walokole wa kanisa la kona ambao kwa kawaida hata mishumaa yetu hawataki kuiona, wanawake wa mjini wa chama cha rozari, weusi na weupe wa ngozi. Mchungaji wa walokole alileta mabenchi yake mwenyewe. "Sisi wafu hatuwaombei," aliniambia, "lakini kukaa tunajua." Akakaa, mgongo mlangoni, kila siku.

Kahawa na chai ya tangawizi zilipikwa chumba cha nyuma cha kikanisa, kwenye jiko lililokuwa humo. Mlango ulifunguliwa ufa tu, mwanamke aingie au atoke na sinia, kisha Rosemène anausukuma kwa mgongo. Wanawake wote tulifunga vitambaa vyeupe kichwani na kuvaa magauni meupe, kama desturi inavyotaka.

Siku ya nne walikuja kumchukua Mesidor. Alikuwa katikati ya wimbo. Walimshika mikono huku na huku, na yule mzee akaendelea kuimba mpaka walipomwinua miguu ikaning'inia. Nilikimbia na bahasha yake, kwa sababu Mesidor ana karatasi, alizipata kwa jasho, anazitembeza kwenye bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ulibaki kwenye kiti chake.

"Afande, huyu ana ukaazi! Tazama picha! Tazama jina!"

Radhamés hakuipokea hata bahasha. "Picha?" alisema. "Nyie wote sura moja. Nitajuaje kama ni yeye?"

Wenzake wakacheka. Mesidor, tayari yuko nyuma ya vyuma, akanipigia kelele, "Odalis! Waambie wasikate ubeti wa tatu!" Lori likaondoka naye. Jioni hiyo lilirudi tupu, likaegesha pale pale.

Nilikwenda mjini kwa padri, padri akapiga simu kwa wakili, wakili akapiga simu kwingine. Mesidor alikuwa ameshavushwa mpaka. Nilikwenda pia kwa mama mmoja mkubwa wa parokia, mumewe ana jina kwenye kampuni ya sukari. Nilimwomba apige simu moja tu. Alinipa maji ya baridi kwenye bilauri nzuri, akasema anatuombea, lakini kanisa lisiingie siasa. Nilimwambia, "Mama, Mesidor ndiye aliyekata sukari iliyo kwenye kahawa yako." Akasema sina adabu. Inawezekana. Maji sikuyanywa.

Lakini yale maneno, sura moja, yalinikaa. Nilipokuwa narudi nilikuwa nayatafuna kwa hasira, na karibu na mto nikasimama. Nikacheka peke yangu njiani kama kichaa. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Eufrasia.

Siku ya tisa kwetu ni siku ya kelele. Sala ya mwisho ikiisha, madhabahu inabomolewa ngazi kwa ngazi, mishumaa inazimwa, wanawake wanapiga mayowe kwa sababu sasa ndiyo kweli marehemu anaondoka. Mashuka yanakunjwa yakiwa bado na nta, yanapelekwa mtoni kufuliwa saa ile ile. Na anayekwenda mtoni hageuki nyuma wala hasemi na mtu, mpaka avuke.

Bibi Eufrasia alisali siku hiyo kama mtu anayepasua kuni. Radhamés alivuka barabara mapema, akasimama pembeni na wenzake. Alijua mlango utafunguliwa. Alikuwa ameleta na mwenzake wa kupiga picha, ionekane walikaribishwa. Mmoja wa wanawake, kwa mazoea, kwa sababu msibani kwetu hakuna anayenyimwa, alimpa Radhamés kikombe cha kahawa. Nilikiona mkononi mwake. Nilikwenda nikakichukua, nikakimwaga chini.

"Ya Mama yangu hii hunywi," nilisema.

"Odalis, mimi nilimpenda mama yako."

"Ulimpenda kwa kitako cha bunduki."

Alibaki ananitazama. Ndicho nilichokitaka. Nikaendelea, nikamtukana kwa mama yake aliyepikiwa, kwa bega alilolilia, kwa kila kitu, na watu wote wakageuza shingo kunitazama mimi, na wenzake pia. Nyuma yangu Bibi Eufrasia alivuta shuka la kwanza. Mayowe yakaanza. Mlango ukafunguka ufa, wanawake wakaingia kuchukua masinia na vikapu, wakatoka wanawake. Wote weupe, wote wameinama, wote wanalia. Wakabeba mashuka vichwani, yakiwaangukia usoni, wakashika njia ya mto. Mmoja alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu, chini ya shuka lenye nta, Lovelie alikuwa amelala kwa maziwa aliyoshibishwa muda huo huo. Kervens alikuwa tayari anakimbia mbele na watoto wa kambi, amefungwa kitambaa cheupe kama wenzake, wanapigana kwa vijiti. Nani anahesabu watoto msibani?

Walipita mbele ya Radhamés. Walipita karibu hivi kwamba nta ingeweza kumdondokea buti. Alikuwa amemwona Rosemène dirishani mara nyingi, picha yake alikuwa nayo kwenye simu. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuona mtu yeyote. Aliona wanawake weusi wanakwenda kufua.

Hawakugeuka nyuma.

Walipokwisha kushuka kwenye bonde, Bibi Eufrasia alizima mshumaa wa mwisho kwa vidole. "Sasa," alisema. Nilivua ufunguo wa Mama, ambao sasa niliuvaa mimi shingoni, ingawa mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, nikashika mbao zote mbili nikazisukuma mpaka zikagonga kuta. Upepo uliingia. Nikasema, "Mama, nenda."

Radhamés aliingia mbio na wenzake, wakanipiga kikumbo. Nilisikia mabenchi yanaburutwa, kabati la mavazi ya padri linafunguliwa, sufuria zinaanguka. Kisha alitoka uso umebadilika.

"Wako wapi?"

"Nani, afande?"

"Usinichezee! Yule mwanamke na watoto!"

"Sisi wote si sura moja?" nilimwambia. Nilimwonyesha kambi nzima iliyosimama pale. "Chagua."

Mchungaji wa walokole ndiye aliyeanza kucheka. Radhamés alirudi ndani, akakiinua kiti cha Mama, akakibamiza ukutani, mguu mmoja ukavunjika. Aliniomba kitambulisho. Nikampa. Alikitazama sana, kile kipande alichoniachia baba, kisha akakitupa matopeni. Nilikiokota mbele yake, nikakifuta kwa gauni langu la msiba.

Rosemène na watoto wako mahali. Padri aliwasubiri ng'ambo ya mto na pikapu yake, na zaidi ya hapo siandiki. Mesidor yuko upande wa pili wa mpaka, katika mji asioujua, lugha ya babu yake anaizungumza kwa shida. Analala uani mwa parokia moja. Alinitumia sauti kwa simu ya mtu: "Odalis, waliimba ubeti wa tatu?" Tuliimba, mzee. Vibaya, lakini tuliimba. Wakili anasema kesi yake inaendelea. Mimi sijui kesi ya mtu mwenye karatasi inaendelea kwenda wapi.

Bibi Eufrasia anasema Mama alitoka, alimwona kwenye upepo, alikuwa na haraka kwa mara ya kwanza. Hanidai kitu.

Fundi ametia mguu mpya kwenye kiti, wa mti mwingine, rangi haifanani, na kinayumba ukiegemea. Nimeacha kazi ya dukani asubuhi. Lori limepita leo, likapunguza mwendo, likaegesha chini ya mabango ya bia. Mlango umefungwa. Mimi nipo nyuma yake, na aliye ndani simtaji.